Usifagie Kwanza

Gari la Zimamoto likishaondoka, watu wa mtaa huja na mafagio. Ndivyo tulivyo. Mmoja ana koleo, mwingine kaleta toroli, vijana wanapanda ukutani kuangusha mabati yaliyopinda, akina mama wanazoa majivu kwa ndoo, na alasiri ikifika kiwanja kimeshakuwa cheupe. Mwenye nyumba ameketi kivulini kwa jirani, amepewa chai asiyoinywa, na hana nguvu ya kuwazuia hata kama angetaka. Ni wema mtupu. Lakini katika majivu yale yaliyomwagwa dampo kulikuwa na dalili za chanzo cha moto, noti zilizoungua nusu ambazo pengine zingebadilishwa benki, kibati cha namba ya friji ambacho kampuni ya bima ingekitaka, na huenda makaa hai.

Makala haya ni ya yule aliyeketi kivulini, na zaidi ni ya ndugu anayeketi naye, kwa sababu mwenye janga siku ya kwanza husikia maneno bila kuyashika. Kama wewe ndiye shemeji, mpwa au jirani mwenye akili iliyotulia, waombe watu kwa adabu waweke mafagio chini, kisha wape kazi nyingine: wa kulinda eneo usiku, wa kuchukua watoto, wa kupika, wa kutafuta pa kulala. Mtu aliyekuja kusaidia akinyimwa kazi atajitafutia mwenyewe, na atafagia.

Mwili

Moshi wa nyumba za siku hizi si moshi wa kuni. Godoro la sponji, makochi, mapazia ya nailoni na mabomba ya plastiki yakiungua hutoa hewa za sumu, zikiwamo kaboni monoksidi na sianidi. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyeivuta anaweza kutembea, kujibu maswali, hata kubeba vitu, huku damu yake haipeleki oksijeni ya kutosha. Kichwa kinamuuma, anatapika, anachanganyikiwa, anazimia. Na kile kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni kinaweza kudanganya, maana hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hiyo. Kitaonyesha namba nzuri kwa mgonjwa aliye hatarini. Kwa hiyo daktari aambiwe wazi: huyu alikuwa ndani ya moshi, na alikaa humo kwa muda gani.

Mjamzito, mtoto mchanga, mzee na mwenye pumu wapelekwe hospitali hata kama wanasema hawana neno. Vilevile yeyote mwenye masizi puani, nyusi zilizoungua au sauti iliyokwaruza. Koo lililopitiwa na hewa ya moto huvimba polepole, na linaweza kuziba saa kadhaa baada ya watu kudhani yameisha.

Ngozi iliyoungua imwagiwe maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Barafu hapana. Hata kama saa moja au mbili zimepita, maji bado yanafaa. Kisha funika kwa kitambaa safi au nailoni safi ya kufungia chakula, mtie mgonjwa joto mwili mzima kwa blanketi, hasa akiwa mtoto, na muondoke. Dawa ya meno, ute wa yai, unga wa ngano, siagi: kila mtaa una tabibu wake, na kila kimoja kati ya hivyo humwachia muuguzi kazi ya kukibandua kidondani kabla hajaanza matibabu. Ulizeni pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Jambo moja husahaulika karibu kila mara: dawa za kila siku zimeungua pamoja na kabati. Mwenye presha, kisukari, kifafa au kifua kikuu asisubiri mambo yatulie. Anayetumia ARV aende kliniki ya CTC iliyo karibu siku hiyohiyo, hata kama siyo alikoandikishwa, aeleze kilichotokea. Dawa zilizonusurika lakini zikapata joto au moshi zisiaminiwe. Zipeleke kituoni zibadilishwe. Chakula nacho ni hivyohivyo. Mchele na unga vilivyokuwa wazi, makopo yaliyovimba au kubabuka, nyama ya kwenye friji isiyo na umeme tangu usiku, vyote vitupwe. Najua inavyouma kutupa gunia la mchele siku ambayo huna kitu. Utupe.

Kabla ya kuvuka kizingiti

Usiingie hadi askari wa Zimamoto waseme inawezekana. Godoro la sufi, mbao za kenchi na gunia la mkaa vinaweza kufukuta ndani kwa ndani hadi kesho yake. Ukiona moshi mpya piga 114 tena, bila aibu, hata kama wameondoka alfajiri.

Uangalie ukuta kabla hujasimama chini yake. Kenchi zikishaungua hakuna kinachoushika ukuta kwa juu, na upepo wa jioni unatosha kuuangusha. Tafuta nyufa mpya, ukuta ulioinama, plasta inayotoa mlio wa uvungu ukiigonga. Katika nyumba ya ghorofa, tazama rangi ya zege. Likipita joto la nyuzi 300 hivi, mara nyingi hugeuka rangi ya waridi, na nondo zilizomo ndani zikifika nyuzi 550 hadi 600 hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Taarifa ya nguzo yenye rangi hiyo apelekewe mhandisi wa majengo. Fundi wa plasta ataifunika tu.

Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mombasa zina hatari yake ya pekee. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe, na wajenzi wa zamani walipata chokaa kwa kuyachoma mawe hayohayo tanuuni. Moto mkali wa nyumba huanza kufanya kazi ileile kwenye uso wa ukuta. Maji ya kuzimia moto yakishaingia, chokaa hiyo huvimba na kumong'onyoka, kwa hiyo ukuta uliosimama imara Jumatatu unaweza kumwagika Alhamisi. Tena ncha za boriti za mikoko zilizozama ndani ya ukuta huendelea kufukuta mahali ambapo macho hayafiki.

Kuhusu umeme, kuzima meinswichi hakutoshi. Waya unaotoka kwenye nguzo hadi kwenye mita una umeme hata kama uniti za LUKU zimeisha, na wa kuukata ni TANESCO, siyo kijana wa mtaa mwenye koleo la plastiki. Paneli za sola nazo huzalisha umeme mradi kuna jua, hata zikiwa zimepasuka na zimelala juu ya mabati yaliyoanguka. Mtungi wa gesi uliopitiwa na moto usitikiswe, usiviringishwe, usijazwe tena kamwe. Waachie Zimamoto au wakala. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya chini, kwenye mashimo na pembe za jiko, na pua ya mtu mzima aliyesimama inaweza isiihisi mapema.

Wenye nyumba za zamani zilizoezekwa kwa asbestosi wasivunje vipande wala kuvifagia vikavu. Vumbi lake ni la kuogopwa kwa miaka mingi ijayo, ingawa leo halimkohozi mtu. Vilowesheni, muulize Zimamoto au ofisi ya mazingira namna ya kuviondoa.

Ukiruhusiwa kuingia, vaa viatu vya soli ngumu kwa ajili ya misumari, glavu na barakoa. Watoto wabaki nje.

Picha kwanza

Piga picha nje pande zote nne. Ingia kila chumba, piga kutoka kila kona, kisha sogea karibu: soketi iliyoyeyuka, waya, jiko, kibati cha namba nyuma ya friji. Rekodi na video huku ukitaja kwa sauti tarehe na chumba ulichomo. Sehemu inayodhaniwa moto ulianzia isiguswe kabisa hadi wachunguzi wamalize. Zimamoto huchunguza chanzo, na ripoti yao ndiyo itakayoulizwa na bima, benki, mahakama na hata ndugu wanaogombana. Iombeni kwa maandishi mapema.

Kisha kaeni chini muandike orodha ya vilivyoungua, chumba kwa chumba. Muwepo wote, na dada wa kazi akiwapo, maana ndiye anayejua jikoni kulikuwa na sufuria ngapi. Msiwe na haraka. Vitu huendelea kukumbukwa kwa wiki nzima, kwa kawaida saa nane za usiku.

Risiti zimeungua, lakini ununuzi una alama nyingine. Kampuni ya simu inaweza kukutolea taarifa ya miamala yako, na humo duka la vyombo lililopokea pesa yako mwaka jana limo. Benki vivyo hivyo. Na omba picha kwa ndugu: zile za Idd, kipaimara, send-off, arobaini ya mtoto. Watu walikuwa wanapiga picha nyuso, kumbe nyuma yao kuna runinga, kabati na makochi mapya. Nimeona orodha ya mali ikikamilika kwa picha za kundi la familia kuliko kwa makaratasi yote.

Sefu au sanduku la chuma lisifunguliwe likiwa na joto. Karatasi zilizohimili moto ndani yake zinaweza kuwaka ghafla zikipata hewa. Liache lipoe hadi kesho yake au zaidi.

Noti zilizoungua zisikunjuliwe, zisipigwe pasi, zisibandikwe kwa gundi. Ziinue na kilichozishika, kama ni pochi au bahasha, uzilaze kwenye kiboksi chenye pamba au tishu, na uzipeleke benki. Benki Kuu ya Tanzania hupokea noti zilizoharibika na kuamua kwa kuangalia kilichobaki. Hakuna ahadi, lakini zilizokwisha kusagwa na fagio haziwezi hata kuangaliwa.

Wachunguzi wakishamaliza na picha zikiwa tayari, sasa majivu yanaweza kuzolewa, tena kwa chekeche la mchanga. Dhahabu safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, joto ambalo moto wa nyumba haufiki kila pembe, kwa hiyo pete na heleni hupatikana mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Chekeche lishikwe na mtu wa nyumbani.

Karatasi

Hapa ndipo watu huchoka. Ofisi ni nyingi, kila moja inataka karatasi ya nyingine, na ukianzia katikati utazunguka wiki mbili. Anzia polisi kwa taarifa ya upotevu. Itaje kila hati kwa jina, ya kila mtu wa nyumba, kwa sababu hati isiyotajwa humo utairudia. Kisha barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji inayothibitisha kwamba nyumba yako imeungua, tarehe ikiwemo. Toa nakala nyingi za zote mbili, na uzipige picha.

Baada ya hapo NIDA, kwa kuwa karibu kila mlango mwingine unafunguliwa na namba ile. Kadi imeungua, namba haijaungua. Ni ileile ya tarakimu 20 na alama zako za vidole ziko kwao. Ukiwa na namba, rudisha laini ya simu, na usichelewe, maana pesa za michango zitatumwa hapo. Laini ikisharudi, piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukakuta usiyoijua.

Vyeti vya kuzaliwa na vya kifo viko kwenye madaftari ya RITA, na nakala hutolewa. Kama namba ya cheti hukumbuki, tafuta kwenye fomu za shule za watoto. Mwalimu mkuu ana nakala. Cheti cha ndoa kifuatilie kilikotolewa: kanisani, kwa kadhi au kwa mkuu wa wilaya. Leseni ya udereva na kadi ya gari ni TRA, pasipoti ni Uhamiaji. Kwa vyeti vya mitihani nenda NECTA na taarifa yako ya polisi, wana utaratibu wao kwa waliopoteza. Kadi ya kliniki ya mtoto, yenye chanjo zake, inaweza kuandikwa upya kutoka kwenye daftari la zahanati.

Zanzibar kuna ofisi zake, na msomaji wa Nairobi au Mombasa atabadilisha majina: abstrakti ya polisi badala ya taarifa ya upotevu, kisha Huduma Centre. Mpangilio ni uleule.

Hati miliki ya kiwanja ikiungua, haki yako haijaungua. Kumbukumbu iko kwa Msajili wa Hati, naye kabla ya kutoa nyingine hutangaza katika Gazeti la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ila ukweli wa miji yetu ni kwamba wengi hawana hati. Wana mkataba wa mauziano wa kurasa mbili, wenye muhuri wa serikali ya mtaa na saini za mashahidi, uliokuwa chini ya godoro. Huo ukiungua, fanya haraka kuliko mwenye hati, kwa sababu hapa kumbukumbu ni watu, na watu huhama na kufa. Mtafute aliyekuuzia. Watafute mashahidi na majirani wa mipaka yote. Uliza ofisi ya serikali ya mtaa kama walibaki na nakala. Kisha mwende kwa wakili au hakimu mkaape viapo, kila mmoja aeleze anachokijua kuhusu mauziano yale na mipaka. Alama za mipaka na msingi wa nyumba visiondolewe. Kiwanja kilichofagiwa kikabaki tambarare, bila hata jiwe la msingi, kinawavutia watu wenye kumbukumbu za ajabu.

Mpangaji, mkopo, bima

Ulikuwa umelipa kodi ya miezi sita na nyumba imeungua mwezi wa pili. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, na ya Kenya ya mwaka 2012, zinaweka msimamo kwamba nyumba ya kupanga ikiharibiwa na moto usiotokana na uzembe wa mpangaji, kodi husimama yote au sehemu yake hadi nyumba ifae kukaliwa tena. Usome mkataba wako uone umesema nini, kisha mzungumze mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mwandike mlichokubaliana. Mwenye nyumba naye kaunguliwa. Wengi nilioona wakielewana walikubaliana kodi ihamie kwenye nyumba nyingine au irudishwe kidogokidogo.

Kama nyumba ilijengwa au kununuliwa kwa mkopo wa benki, soma mkataba wa mkopo kabla hujasema huna bima. Mara nyingi mikopo ya nyumba huja na bima ya moto, makato yakiwa yamefichwa kwenye rejesho la kila mwezi, na wapo watu wanaolipia kwa miaka bila kujua. Nenda tawini uulize.

Mwenye bima atoe taarifa mara moja, kwa simu kisha kwa maandishi, kwa kuwa kuchelewa ni sababu nyepesi ya kukataliwa. Mkadiriaji wa hasara atakuja. Usitupe kitu kabla hajaona. Na ujue hesabu inayowashangaza watu. Kama nyumba ina thamani ya shilingi milioni 100 lakini uliikatia bima ya milioni 50 ili ulipe kidogo, moto ukila sehemu ya milioni 20 utalipwa milioni 10. Bima inasema ulibeba nusu ya hatari mwenyewe. Usisaini hati ya kukubali malipo ya mwisho kwa sababu tu una dhiki. Ukishasaini umefunga mlango. Ukiona umeonewa, kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Moto ukiwa umevuka hadi kwa jirani, mpe pole, mshike mkono, mgawane chakula mlichonacho. Lakini usisaini karatasi ya kukubali kosa wala kuahidi kumlipa kabla ripoti ya Zimamoto haijatoka, hata kama kikao cha mtaa kinakusukuma. Ukiwa na bima, karatasi hiyo inaweza kukunyima malipo ambayo yangewasaidia wote wawili.

Masizi

Masizi yana mafuta na tindikali, hasa plastiki ikiwa imeungua. Ukianza na maji na tambara utayasugua yaingie ukutani yasitoke tena. Anza kavu: kung'uta, pangusa kwa brashi laini au sponji kavu toka juu kwenda chini, madirisha yakiwa wazi. Maji ya sabuni baadaye. Vitu vya chuma, mabomba na vyombo vya jikoni vioshwe mapema, kabla tindikali haijavila. Nguo zikung'utwe nje, zifuliwe mara mbili au tatu, zisipigwe pasi hadi harufu iishe, maana joto huigandisha. Godoro la sponji lililokaa kwenye moshi halisafishiki. Kifaa cha umeme kilicholoa au kufunikwa masizi kisiwashwe kujaribu. Fundi akifungue kwanza.

Katika joto na unyevu wa pwani, ukungu huanza ndani ya siku moja au mbili. Kilicholoa kianikwe siku ileile.

Maneno ya watu

Wiki ya kwanza mtu hupewa nguo mpaka hana pa kuziweka, na hana sufuria hata moja. Ndugu mmoja aandike kinachohitajika kweli: neti, sare za shule na saizi zake, jiko, godoro, taulo za kike, nauli. Atangaze yeye peke yake, na namba ya kupokelea michango iwe moja yenye jina linalojulikana. Picha ya nyumba inayoungua husambaa haraka, na matapeli huiazima wakaandika namba zao chini yake. Anayepokea aandike daftari, kila shilingi. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litazuia ugomvi.

Watu watauliza moto ulianzaje. Watauliza tena na tena, na kila mgeni mpya atataka asimuliwe upya. Mwenye janga ana haki ya kusema, "Zimamoto wanachunguza, nitawaambia." Kumlazimisha mtu kusimulia hakumponyi, anayetaka kusema asikilizwe, asiyetaka aachwe. Na kabla uchunguzi haujaisha, zuieni ulimi wa lawama. Nimesikia moto wa waya chakavu ukigeuzwa kuwa uchawi wa shangazi, na pasi iliyosahauliwa na baba ikatwishwa dada wa kazi, akafukuzwa usiku bila mshahara.

Kushtuka kwa harufu ya moshi, kuota ndoto za moto, kukagua swichi mara kumi, kulia bila sababu au kutolia kabisa ni kawaida kwa wiki za mwanzo. Mwezi ukipita na mtu bado halali, hali, anakunywa pombe kupita kiasi au anasema afadhali angeungua humo, apelekwe hospitali. Za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Wanaume wetu huambiwa wajikaze, nao hujikaza hadi wakavunjika. Wafuatilieni.

Mtoto anaweza kurudia kukojoa kitandani, kung'ang'ania nguo ya mama, au kucheza mchezo wa kuzima moto kutwa nzima. Msimchape, msimkataze kucheza. Mrudisheni shule mapema, hata kwa sare ya kuazima, na mwalimu aambiwe. Akiuliza kama moto utarudi, mjibuni ukweli kwa kadiri ya umri wake, mkamwonyeshe mtakapotokea usiku kukiwa na hatari. Na kama ni yeye aliyechezea kiberiti, mwambieni wazi kwamba lilikuwa kosa na kwamba bado ni mtoto wenu. Asikie yote mawili katika kikao kimoja.

Fundi

Mabati yaliyobabuka yanaweza kunyooshwa yakaonekana yanafaa. Tabaka la zinki linaloyakinga na kutu huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, kwa hiyo bati lililoungua litatoboka baada ya mvua chache. Litumie kwenye banda la kuku. Mbao zilizoungua juujuu zichongwe hadi pazuri, kisha zipimwe unene uliobaki, siyo zipakwe oili chafu zikarudishwa juu.

Nyaya za zamani zisiunganishwe na mpya, hata zile za vyumba ambavyo moto haukufika, kwa sababu moshi na joto hupita darini na kulainisha maganda ya waya kimyakimya. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, akupe risiti na mchoro, na TANESCO wakague kabla ya kurudisha umeme. Risiti za mafundi wote zikae pamoja na za bima, nakala kwenye simu ya ndugu anayeishi nyumba nyingine.

Fundi rangi ndiye wa mwisho kuingia, na asiingie ukuta ukiwa na unyevu wa maji ya Zimamoto. Dar es Salaam au Tanga kukauka kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi pande zote nne, ukiache hadi kesho. Ukikuta matone ya maji ndani yake, mwambie arudi wiki ijayo.